Kamera Inasoma Namba, Haisomi Uso

"Mwalimu, mimi sijawahi kuendesha hata baiskeli. Iweje nidaiwe faini ya pikipiki?"

Swali hilo tuliulizwa na mama mmoja wa hapa Lusewa. Alikuja darasani jioni, kabla ya somo kuanza. Tulimwamkia, tukampa kiti, naye akatoa karatasi kwenye upindo wa khanga. Ilikuwa karatasi ndogo ya mashine. Ilionyesha kwamba pikipiki yake ina makosa sita ya barabarani ambayo hayajalipiwa.

Mama huyu ni mhitimu wa kisomo. Kusoma anajua, kuandika anajua, na hesabu za duka haumpati. Baada ya kuuza ufuta wake alinunua pikipiki iliyotumika kutoka kwa mtu wa Songea. Akampa mtoto wa dada yake aifanyie kazi ya bodaboda na kumletea hesabu kila jioni. Mambo yalikwenda vizuri kwa miezi kadhaa. Halafu siku moja kijana alisimamishwa mjini Songea. Askari wa usalama barabarani aliandika namba ya pikipiki kwenye mashine yake, na madeni yakatokea. Pikipiki ikabaki kituoni. Kijana akarudi Lusewa kwa lifti ya lori.

Katika makosa yale sita, mawili alikuwa ameyafanya kijana. Siku moja alibeba abiria wawili kwa pamoja, ule mtindo tunaouita mshikaki. Siku nyingine hakuvaa kofia ngumu. Lakini makosa manne yaliyobaki yalikuwa ya zamani, kabla mama hajainunua pikipiki ile. Yalifanywa na mtu ambaye mama hamjui hata kwa sura.

Je, hii ni haki? Na ilitokeaje? Ndugu wasomaji, tumeona tulieleze jambo hili polepole, maana si la mama huyu peke yake. Pikipiki zimejaa vijijini mwetu. Zinabeba mahindi, mbaazi, korosho, wagonjwa na wanafunzi. Ukitoka Lusewa ukafika Mtwarapachani, unaingia barabara kuu ya lami ya Songea, Namtumbo na Tunduru. Huko siku hizi kosa halikumbukwi kwa kichwa cha askari. Linakumbukwa na mashine.

MASHINE INAJUA NINI?

Hebu tuanze na mambo ya zamani kidogo. Zamani dereva akikosea, askari alimsimamisha, akaandika kwenye kitabu, wakamalizana palepale au mahakamani. Askari alimwona dereva uso kwa uso. Alijua ni nani aliyekosa.

Siku hizi kuna njia ya pili. Mashine inapima mwendo wa gari au pikipiki, inapiga picha, na kusoma namba iliyoandikwa kwenye kibao cha nyuma au cha mbele. Wengi wetu kibao hicho hukiita pleti namba. Kibao cha pikipiki hapa Tanzania huanza na herufi MC, kisha tarakimu tatu, kisha herufi tatu. Namba ile haifanani na nyingine yoyote nchini. Ni kama jina la chombo.

Sasa angalia jambo hili kwa makini. Mashine haikujui wewe. Haijui kama aliyekalia kiti ni baba, mtoto wake, au mwizi aliyeiba pikipiki usiku. Inachojua ni namba. Kompyuta inapokea ile namba na kuuliza, "Namba hii imeandikishwa kwa jina la nani?" Jina litakalotokea ndilo litakaloandikiwa deni.

Kwa hiyo jibu la swali la yule mama ni hili: hakudaiwa kwa sababu aliendesha. Alidaiwa kwa sababu chombo ni chake, na deni linafuata chombo. Kamera inasoma namba, haisomi uso.

TOCHI NA KAMERA

Hapa kwetu Tanzania kitu tulichokizoea zaidi ni ile mashine ya kushika mkononi ambayo madereva wameipa jina la tochi. Askari anaielekeza kwenye gari linalokuja. Tochi inaonyesha mwendo wa gari na kupiga picha. Mara nyingi picha ile hutumwa kwa simu kwa askari aliye mbele, naye ndiye anayekusimamisha na kukuonyesha.

Watu wengine husema tochi ni uchawi wa Wazungu. Si uchawi. Simama kwenye bonde ukapiga kelele. Sauti yako inakwenda mpaka mlimani, inagonga, inarudi. Mlima ukiwa karibu, sauti inarudi upesi. Mlima ukiwa mbali, inachelewa. Tochi nayo hupeleka mwali usioonekana, ukagonga gari na kurudi. Inafanya hivyo mara nyingi ndani ya muda mfupi sana. Kwa kulinganisha miali iliyorudi, inajua gari linasogea kwa kasi gani.

Kuna mashine nyingine ambayo haishikwi na mtu. Inafungwa juu ya nguzo kando ya barabara, mchana na usiku. Hiyo ndiyo kamera ya barabarani. Mtu aliyeanzisha kazi ya kamera hizi alikuwa Mholanzi aliyeitwa Maus Gatsonides. Yeye mwenyewe alikuwa dereva wa mashindano ya magari, na mwaka 1953 alishinda mashindano makubwa ya Monte Carlo. Alitengeneza kifaa cha kupima mwendo ili ajue namna ya kwenda kasi zaidi kwenye kona. Mwaka 1958 akaanzisha kampuni ya vifaa hivyo. Basi, kifaa kilichotengenezwa na mtu apendaye kasi ndicho kikaja kuwa mlinzi wa kuzuia kasi duniani kote.

Kamera za namna hiyo hufanya kazi kwa hesabu ambayo sisi wenyewe tunaiweza. Barabarani huchorwa mistari ya rangi, na umbali kati ya mstari na mstari unajulikana. Kamera inapiga picha mbili, moja nusu sekunde baada ya nyingine. Tuseme gari linakwenda kilometa 50 kwa saa. Ndani ya nusu sekunde litakuwa limesogea karibu mita 7. Likiwa linakwenda kilometa 80 kwa saa, litakuwa limesogea karibu mita 11. Mtu akiangalia picha mbili na kuhesabu mistari, anajua mwendo. Ni kama kupima shamba kwa hatua.

KARATASI INAKUFIKIAJE?

Nchi mbalimbali zina njia zao. Uingereza, ambako kamera hizi zilianza kutumika mwaka 1992, barua hupelekwa kwa posta. Sheria yao inataka barua ya kwanza imfikie mwenye gari aliyeandikishwa ndani ya siku 14. Mwenye gari naye anapewa siku 28 za kujibu na kumtaja aliyekuwa anaendesha siku hiyo. Kama hakuwa yeye, anamtaja mwingine, na kesi inamhamia huyo. Asipojibu, kunyamaza kwenyewe kunakuwa kosa jingine. Unaona, ndugu msomaji? Huko mwenye gari anapewa mlango wa kujieleza, lakini lazima aupitie kwa maandishi na kwa wakati.

Kwa majirani zetu, ujumbe huja kwa simu ya mkononi. Nchini Rwanda kamera zimefungwa kwenye barabara nyingi, na wananchi wamezipa jina la Sofia. Ukipita kasi mbele ya Sofia, ujumbe wa faini unaingia kwenye simu ya mwenye gari. Wenyewe walilalamika kwamba mahali pengine mwendo uliowekwa ulikuwa mdogo mno, na mwaka 2021 hata Rais Paul Kagame alilizungumzia jambo hilo hadharani.

Uganda walipata somo kubwa zaidi. Mwezi Juni 2025 walianza kutoza faini kwa kamera zilizounganishwa na namba mpya za magari. Aliyezidisha mwendo kidogo alidaiwa shilingi 200,000 za Uganda, na aliyezidisha kwa zaidi ya kilometa 30 kwa saa alidaiwa 600,000. Muda wa kulipa bila nyongeza ulikuwa saa 72. Kelele zilikuwa nyingi. Watu walisema faini ni nzito, vibao vya mwendo havionekani, na mahali pengine mtu anatakiwa aende kilometa 30 bila kuambiwa. Haikupita hata nusu ya mwezi, serikali ikausimamisha mpango ule ili ukaangaliwe upya.

Tunajifunza nini hapo? Mashine peke yake haitoshi. Kwanza kibao kiwepo na kionekane. Watu waelezwe kabla ya kutozwa. Na anayedaiwa awe na mahali pa kuuliza. Wananchi wakielezwa vizuri, wengi wanakubali. Wakishtukizwa, wanaona ni mtego wa kuwakamua fedha.

HAPA TANZANIA MAMBO YAKOJE?

Kwetu askari bado yuko barabarani, lakini mkononi ana mashine ya elektroniki. Akiandika kosa, linaingia kwenye kompyuta ya Jeshi la Polisi pamoja na namba ya chombo. Dereva anapewa kumbukumbu namba ya malipo, ambayo wengi wetu tunaiita kontroo namba. Kwa kawaida ni tarakimu 12 zinazoanza na 99. Kwa namba hiyo unalipa benki, kwa wakala au kwa simu yako, na fedha inakwenda serikalini moja kwa moja.

Faida yake ni kwamba fedha haipiti mkononi mwa mtu. Mashine haiombi chai. Lakini ina ugumu wake pia. Usipolipa, deni halisahauliki. Linakaa kwenye kompyuta likingoja, na ukichelewa kupita siku uliyopewa linaongezeka. Siku chombo kitakaposimamishwa, hata kama ni Mbinga au Tunduru, litatokea.

Kwa miaka mingi faini ya kosa moja la barabarani ilikuwa shilingi 30,000, uwe na lori au pikipiki. Mwaka 2021, katika bajeti ya serikali ya 2021/22, faini ya pikipiki na bajaji ilipunguzwa kutoka shilingi 30,000 mpaka 10,000 kwa kosa. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba vyombo hivi si sawa na magari makubwa. Ni kweli, unafuu ule ulisaidia. Lakini fanya hesabu. Makosa sita kwa shilingi 10,000 ni shilingi 60,000, bila kuhesabu nyongeza ya kuchelewa. Kwa mtu anayetegemea ufuta na mbaazi, hiyo ni fedha ya sare za watoto na madaftari.

Mabasi ya mikoani nayo yana mlinzi wake. Yamefungwa kifaa kinachopeleka habari za mwendo na mahali basi lilipo kwenye mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA. Abiria waliokwenda Dar es Salaam wamewahi kusikia mlio ukipiga dereva anapozidisha mwendo. Mfumo huo una pia kitufe cha kumtambulisha dereva. Kila dereva ana chake. Kwa njia hiyo ofisi inajua siyo tu ni basi gani, bali ni dereva gani aliyekuwa kwenye usukani. Bodaboda yako haina kitufe hicho. Kwa hiyo kazi ya kujua nani alikuwa anaendesha ni yako wewe mwenye chombo.

KWA NINI TUHANGAIKE NA MWENDO?

Wapo vijana wanaosema, "Faini ni mradi wa serikali tu." Tusikubali haraka. Tuangalie mwili wa binadamu.

Mtu anayeendesha kilometa 80 kwa saa anapita karibu mita 22 kila sekunde moja. Mtoto akitokea ghafla, dereva anahitaji kama sekunde moja kabla hata hajakanyaga breki. Katika sekunde hiyo amekwisha kula mita 22. Akienda kilometa 50, anakula mita 14 tu. Tofauti ni mita 8. Mita 8 ni urefu wa chumba kikubwa, na ndani ya mita hizo kuna uhai wa mtoto.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba gari likimgonga mtu anayetembea kwa miguu, hatari ya kufa inaongezeka mara nne na nusu mwendo unapopanda kutoka kilometa 50 mpaka 65 kwa saa. Kilometa 15 tu! Shirika hilohilo linakadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa kila mwaka duniani kwa ajali za barabarani. Ndiyo maana sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka kilometa 50 kwenye maeneo ya makazi. Kile kibao cha 50 unachokiona ukiingia kijijini hakikuwekwa kumsumbua dereva. Kimewekwa kwa ajili ya bibi anayevuka na kuni kichwani.

Hata hivyo, tuseme ukweli wote. Mashine haina masikio. Kijana aliyembeba mama mjamzito usiku kumkimbiza hospitali, na kijana anayeshindana na wenzake kwa sifa, kwa mashine wote ni sawa. Ndiyo sababu sheria haikuishia kwenye mashine. Asiyekubali kosa hamlazimishwi kukiri na kulipa. Ana haki ya kupelekwa mahakamani akajieleza mbele ya hakimu. Mashine inasoma namba, lakini hakimu ana uwezo wa kumsikiliza mtu. Haki hiyo tuijue, ingawa tusiitumie kwa ubishi wa bure, maana kwenda mahakamani ni nauli na siku za kazi.

MAMBO YA KUFANYA

Sasa tuyaweke mambo kwa mpangilio, ili mtu aweze kuyakata kwenye gazeti na kuyabandika ukutani.

1. Kabla ya kununua, uliza deni. Mwombe muuzaji namba ya pikipiki. Nenda kituo cha polisi, au mwombe kijana mwenye simu ya intaneti afungue tovuti ya Jeshi la Polisi ya faini za barabarani. Ukiandika namba ya chombo, madeni yanaonekana. Kama yapo, muuzaji ayalipe kwanza, au myapunguze kwenye bei. Msipatane kwa mdomo tu.

2. Soma kadi. Kadi ya pikipiki ina jina la mwenyewe. Hakikisha aliyesimama mbele yako akikuuzia ndiye aliyeandikwa. Kama siye, uliza kwa nini. Linganisha namba iliyo kwenye kadi na iliyo kwenye kibao, herufi kwa herufi. Tarakimu 0 na herufi O zinafanana, tarakimu 1 na herufi I vilevile. Usione aibu kusoma polepole.

3. Badilisha jina. Andikianeni hati ya mauziano, yenye tarehe, bei, namba ya chombo na mashahidi. Kisha mwende ofisi ya Mamlaka ya Mapato, TRA, mbadilishe jina la mwenye chombo. Ni gharama, ndiyo. Lakini jina la mtu mwingine likibaki kwenye kadi, ujumbe wa faini utakwenda kwake, na pikipiki itakamatwa kwako. Na wewe unayeuza, usishangilie. Chombo kikifanya ajali wakati bado kina jina lako, mlango wa kwanza kugongwa ni wako.

4. Andikianeni na dereva. Hata kama ni mtoto wa ndugu yako. Karatasi moja inatosha: kosa la mwendo, mshikaki au kofia ngumu ni la dereva, bima na matengenezo ni ya mwenye chombo. Weka daftari la nani alichukua pikipiki, tarehe gani, saa ngapi. Daftari hilo ndilo litakalokuwa kitufe chako.

5. Ukipewa karatasi ya faini, soma mambo matano: namba ya chombo, tarehe, mahali, kosa, na siku ya mwisho ya kulipa. Kama ni mwendo, omba kwa adabu uonyeshwe picha na mwendo uliopimwa. Kama namba si yako, sema palepale. Ukinyamaza, baadaye ni vigumu.

6. Lipa kwa kumbukumbu namba tu, tunza risiti. Kabla simu haijakamilisha malipo, soma jina la anayelipwa. Liwe la taasisi ya serikali, lisiwe la mtu. Mwisho wa kila mwezi angalia tena kama deni limefutika.

7. Jihadhari na matapeli. Ujumbe unaosema "tuma faini yako kwenye namba hii ya simu haraka" usiuamini. Usitume kitu. Nenda kituoni ukaulize.

MWISHO WA HABARI YA YULE MAMA

Msomaji atataka kujua mama aliishia wapi. Alimpigia simu aliyemuuzia. Mara ya kwanza alipokea akasema atakuja. Mara ya pili hakupokea. Mara ya tatu simu ilikuwa imezimwa. Hati ya mauziano hawakuandikiana. Waliaminiana tu, wakapeana mikono. Tulipomwomba mama kadi ya pikipiki, ilikuwa sandukuni imekunjwa vilevile alivyopewa. Tulipoifungua tukakuta jina la mtu wa tatu, siyo hata la yule aliyemuuzia.

Mama alikaa kimya kidogo, halafu akasema, "Mwalimu, siku ile nilisoma bei. Kadi sikuisoma."

Alilipa faini zote, zake na zisizo zake, pamoja na nyongeza. Kijana alikatwa sehemu yake kwenye hesabu, kidogo kidogo, mpaka ikaisha. Kumtafuta yule wa kwenye kadi ili jina libadilishwe kuligharimu safari mbili za Songea. Lakini sasa kadi ina jina lake, na daftari linaning'inia mlangoni kwa kamba ya katani pamoja na kalamu yake. Kijana hachukui pikipiki bila kutia sahihi.

Miezi michache baadaye aliingia ujumbe kwenye simu yake. Ulisema pikipiki yake imepigwa picha, atume shilingi 20,000 kwa namba fulani kabla ya jioni, la sivyo atafikishwa mahakamani. Zamani angekimbia kwa wakala. Safari hii alivaa miwani, akausoma mara mbili, kisha akalifungua daftari. Siku iliyotajwa pikipiki ilikuwa kwa fundi, imefunguliwa gurudumu. Tena ujumbe haukuwa na namba ya chombo wala kumbukumbu namba ya malipo. Akauleta darasani, tukausoma pamoja ubaoni, sote tukacheka.

Ndugu wasomaji, mashine hizi zitaongezeka. Leo ni tochi kwenye lami ya Songea, kesho huenda ni kamera juu ya nguzo. Hatuwezi kuizuia kusoma namba zetu. Lakini na sisi tulijifunza kusoma. Tuisome kadi, tuisome karatasi, tuusome ujumbe, kabla hatujatoa fedha na kabla hatujatia sahihi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Pikipiki au gari la nyumbani kwenu lina kadi yenye jina la nani?

2. Mwenye chombo na dereva, nani alipe faini ya mshikaki? Toeni sababu.

3. Kijana amezidisha mwendo akimpeleka mgonjwa. Akikamatwa, angejieleza vipi, na kwa nani?

4. Pikipiki yenye madeni mawili ya shilingi 10,000 inauzwa shilingi 1,200,000. Mnunuzi atake bei gani? Andikeni hati fupi ya mauziano.